Hodi ya Nne

Siku ya kumzika Mwalimu walisoma wasifu wake kwa spika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na masufuria ya wali, na nikasikia alizaliwa wapi, wa ngapi kwa baba yake, aliajiriwa lini, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Kijana aliyesoma alisoma vizuri, simlaumu. Lakini hakutaja ungo. Hakutaja makofi. Alisema tu, "Marehemu alifundisha madarasa ya chini," akafunua karatasi ya pili. Haki ya Mungu nilitaka kupiga kelele pale pale msibani. Nikajiziba mdomo kwa kanga, watu wakadhani ni uchungu wa kawaida wa msiba.

Basi hayo ya kuzaliwa na ukoo nayaacha kwenye karatasi yao. Mimi nitamsema nilivyomjua, mimi Mama Sabina, fundi cherehani wa Bagara, mtu aliyemkosea kuliko mtu yeyote katika mji huu wa Babati. Aliniambia kwamba masikio ya mwanangu yanakufa, akaniambia wakati bado kuna la kufanya, na mimi nikamlipa kwa kumtoa kwenye darasa lake. Natanguliza hilo ili mtu asidhani namsifu kwa sababu amekufa. Jina lake sitalitaja. Kwetu alikuwa Mwalimu wa chekechea, na siku nyingi alikuwa Mwalimu tu, kama vile shule nzima haikuwa na mwalimu mwingine.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na sweta la kijani alilolivaa jua liwake lisiwake. Kila asubuhi alipita mbele ya nyumba yangu na ungo kichwani. Ungo mtupu. Wageni wengi walikuwa wakihamia mjini siku zile, maana mkoa ulikuwa mpya na maofisi yalikuwa yanafunguliwa kila kona, na wageni hao wakimwona walimwita, "Mama, unauza nini?"

"Nauza masikio," anajibu, na miguu haisimami.

Nyumba yetu ilitazamana na uzio wa shule. Chumba cha mbele nilikuwa nimekifanya kibanda cha kushonea, na kutoka kwenye kiti changu niliona mlango wa darasa lake waziwazi, barabara ya vumbi tu katikati. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu, miezi na miezi, nikishona sare za watoto wa watu.

Alisimama mlangoni pa darasa na kiganja wazi. Mtoto akifika, baada ya shikamoo na marahaba, aliulizwa swali moja: "Umeniletea nini?" Na mtoto alitakiwa atoe sauti aliyoiokota njiani. Mmoja anatoa mashine ya kusaga. Mwingine anatoa kengele ya ng'ombe. Mtoto mmoja aliyekaa karibu na ziwa alileta kiboko anavyokoroma majini, Mwalimu akacheka hadi akakaa chini kwenye kizingiti na sweta lake lile. Asiye na kitu hakupigwa wala kufokewa. Aliambiwa, "Rudi getini ukasikilize, dunia haijalala." Basi utamwona mtoto wa miaka mitano kasimama getini, macho kafumba, kisha huyo anarudi mbio na kunguru mdomoni.

Kuna mtoto wa Kiiraqw aliyeleta sauti kutoka kwenye maneno ya bibi yake, ile inayotoka chini kabisa kooni, ambayo Kiswahili hakina. Wenzake wakamcheka. Mwalimu akawaambia haya, kila mmoja ajaribu. Wakajaribu, wakakohoa, wakashindwa. Akajaribu na yeye, akakohoa zaidi yao. "Leo mwalimu ni huyu," akasema, akamkalisha kwenye kiti chake mpaka saa ya uji. Yule mtoto aliyekuwa hafungui mdomo, kuanzia siku hiyo hakunyamaza tena.

Na ungo? Ungo ulikuwa wa kujificha. Alikaa mbele yao kwenye kigoda, akaunyanyua mpaka ukamziba uso wote, halafu nyuma yake akataja neno polepole, nao wakalipigia makofi. Maharage: ma, ha, ra, ge, makofi manne. Mbuzi, mawili. Siku nyingine aliwaambia wakate kichwa cha neno, waseme kalamu bila kile kipande cha mwanzo, nao wanapiga kelele, "Lamu!" Wakati wa kunawa mikono hakuita majina. Alisema, "Waende wanaoanza na sss," na akina Sabina na Salimu wakainuka wakijitazama, wakifurahi kugundua kwamba wana kitu kimoja. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajificha, akanijibu, "Mama Sabina, macho ni majizi. Mtoto akiniona mdomo, macho yanalifanyia sikio kazi. Sikio kwanza, mkono baadaye."

Mtu mwenye sikio kama lile ungetegemea aimbe vizuri. Wapi! Kanisani alikuwa balaa. Aliimba kwa nguvu, kwa moyo wote, na nje kabisa ya wimbo, mpaka kwaya wakamwomba kwa adabu awe mbeba vitabu. Akabeba vitabu miaka mingi, tena kwa furaha, akiimba mlangoni anapovigawa. Nyumbani kwake hakuwa na redio. Alisema redio inaongea bila kukusikiliza.

Na hapo niseme na kasoro yake, maana alikuwa nayo, kubwa tu. Subira yote Mungu aliyompa aliimaliza kwa watoto. Watu wazima tulibaki na makapi. Hakujua kumvuta mtu pembeni. Hakujua kuzunguka. Alimwambia mfanyabiashara mmoja, mbele ya wateja wake dukani, "Mwanao ana njaa. Si ya chakula, ana njaa ya kusemeshwa. Zima hiyo redio uongee naye." Yule baba hakumwitikia salamu mwaka mzima. Nilicheka sana niliposikia, maana lilikuwa la jirani. Langu lilikuwa njiani.

Sabina alikuwa mtoto wangu wa tatu, na wa kwanza kubaki hai. Wawili waliomtangulia niliwazika wachanga. Kwa hiyo muelewe, ndugu zangu, nilimtazama mtoto huyu kwa hofu kila alipokohoa. Alipougua surua nilikonda mimi kuliko yeye. Akapona, ila masikio yakabaki yanatoa usaha. Yanakauka, yanarudi. Bibi yake akasema watoto ndivyo walivyo, tukamtia mafuta ya alizeti ya vuguvugu na pamba, na tukaendelea na maisha. Alikuwa mchangamfu. Nikishona, alipenda kuja kulaza shavu lake kwenye meza ya cherehani, akatulia hapo macho yamefumba, mpaka nimalize mshono. Nikiacha kushona anafumbua macho. Nilikuwa nawaambia wateja, "Mnamwona? Fundi huyu, ameshaipenda kazi ya mama yake." Mjinga mimi. Alikuwa anaifuata sauti mahali ilipobaki, kwenye mtetemo wa meza.

Siku Mwalimu alipokuja kuniambia, kibanda kilikuwa kimejaa. Wifi yangu alikuwa anapimwa gauni la sendoff ya binti yake, amekuja na marafiki wawili. Huyu wifi, dada yake Baba Sabina, ndiye aliyekuwa akisema pembeni kwamba tumbo langu lina mkosi. Mimi nina futi shingoni na pini mdomoni. Mwalimu akaingia na ungo wake, hakukaa.

"Mama Sabina, masikio ya mwanao yana shida."

Nikatoa pini mdomoni. "Shida gani tena, Mwalimu? Ni usaha tu, tunatia dawa."

"Si usaha tu. Nikijificha nyuma ya ungo, anapiga makofi baada ya wenzake. Anawatazama mikono. Nikiushusha akaniona mdomo, anapiga sawasawa nao. Nimemjaribu wiki mbili, kila siku. Mpeleke hospitali kubwa wakamtazame ndani. Usingoje mwezi uishe."

Wifi akageuka na gauni lake la pini. "Eti nini? Bubu?"

"Sijasema bubu," Mwalimu akasema. "Nimesema masikio."

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa limetoka mbele ya mtu yuleyule ambaye nisingetaka alisikie. Nikaona tayari linavyosafiri: kwa mama mkwe, kwenye vikao, mpaka kwa Baba Sabina aliyekuwa safarini na lori lake la fuso. Damu ikanipanda. "Mwalimu, mwanangu ni mzima. Ananiitikia tangu alipoanza kutambaa. Wewe kama umeshindwa kufundisha, usiwatafutie watoto wa watu vilema."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinyoosha mkono kuelekea uani, Sabina alikokuwa anacheza na vipande vya vitambaa, ametupa mgongo. "Basi muite," akasema. "Asikuone. Muite tu."

Sikumuita. Nilimwambia Mwalimu atoke kwangu. Ningekuwa na hakika na maneno yangu, kwa nini nisimwite? Swali hilo nimelala nalo miaka mingi.

Sasa yalipokuja ya madaftari yakanikuta na hasira iliyotafuta mlango. Jumamosi hapa kwetu wazazi tunakagua madaftari, tunatafuta tiki nyekundu. Ya watoto wa Mwalimu yalikuwa meupe. Mwezi wa tatu meupe, mwezi wa nne meupe. Aliyeanza kulalamika ni Mama Kelvin, mke wa bwana mmoja wa ofisi aliyehamia na mkoa mpya kutoka Arusha. "Kule mtoto wa umri huu anaandika jina lake," alituambia. "Hapa wanapiga makofi! Mimi nimlete mtoto shule aje kupiga makofi?" Tukakusanya madaftari kumi na moja, tukaenda nayo kwa mwalimu mkuu. La Sabina nilibeba mwenyewe. Nalisema leo: sikuwa na shida na daftari. Nilishampenda Mwalimu na makofi yake. Daftari lilikuwa kisingizio changu.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwoga, na wakubwa wapya wa mkoa walikuwa wanapita kila siku. Akamwita Mwalimu mbele yetu. Alikuja na ungo, akatazama madaftari yaliyofunuliwa mezani.

"Ni kweli, ni meupe," akasema. "Bado wanasikiliza. Mtoto asiyesikia kwamba jina lake lina vipande, ukimpa herufi unampa michoro. Ataichora, mtampigia tiki, na kusoma hatasoma. Nipeni mpaka mwezi wa saba."

Nafikiri wangempa. Mama Kelvin mwenyewe alikuwa ameanza kulegea, niliona. Ndipo nikasimama mimi. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba huyu mwalimu anapita kwenye nyumba za watu akiita watoto wao vilema, mbele ya wageni. Mama mmoja akashika tumbo lake, alikuwa mjamzito. Mwalimu akanitazama. Angeweza kusema yote: usaha, makofi, wiki mbili. Hilo la Sabina alilolitoa kibandani kwangu bila adabu, pale ofisini alilifunika. Hakutaka kumtaja mtoto mbele ya watu kumi na moja. Nililielewa hilo baadaye sana.

Wakamtoa chekechea. Wakampa darasa la sita, kilimo, na funguo za stoo ya majembe. Nilimwona asubuhi anapita na kichwa kitupu, bila ungo, na alionekana mfupi zaidi. Chekechea wakapewa binti mmoja aliyetoka chuoni, akabandika chati ya irabu, akashika fimbo. Na Sabina wangu, jamani, aliandika vizuri kuliko wote. Macho yake yalikuwa makali, kila alichokiona ubaoni alikinakili bila kosa. Tiki, tiki, tiki. Nilichukua lile daftari nikalipeleka hadi kwa wifi. Nikamfunulia ukurasa mmoja mmoja.

Haukupita mwezi, Mwalimu akaja. Ilikuwa alasiri, upepo wa vumbi, nimefunga mlango nashona. Nilimwona kwenye upenyo wa dirisha akivuka barabara, sweta la kijani. Nikaondoa miguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza.

"Hodi."

Sikuitika.

"Hodi humu ndani."

Sabina alikuwa sakafuni hatua mbili kutoka mlangoni, mgongo kwa mlango, anapanga vitambaa kwa rangi zake. Kila mtoto wa nchi hii akisikia hodi anainua kichwa. Hata paka anainua kichwa. Wangu hakuinua. Nilimtazama tu.

"Hodi, Mama Sabina."

Hiyo ilikuwa ya tatu, tena ilikuwa kubwa, nusu yake ni kugonga mbao. Sabina alichukua kitambaa cha njano, akakiweka juu ya cha njano kingine. Hakugeuka. Pale nilijua. Sikushuku, nilijua. Mtu asije akanitetea kwamba nilikuwa mjinga, au sikusoma, au ni wifi. Nilijua, na kati yangu na mlango zilikuwa hatua nne, na sikuinuka. Kwetu hodi hazizidi tatu. Ukibisha tatu kimya, unaondoka, huo ndio uungwana. Nikasikia viatu vyake vikishuka kwenye kizingiti, vikaenda. Sabina akageuka kunionesha vitambaa vyake, akanikuta nalia, akanifuta machozi kwa kile cha njano.

Kwa nini sikumpeleka hospitali hata baada ya hapo, kimyakimya, peke yangu? Nilijiambia baada ya mavuno. Nikajiambia Baba Sabina akirudi. Kumpeleka ilikuwa ni kukubali, na nilishalikataa mbele ya watu. Aibu ni kitu kibaya sana, ndugu zangu, inakula mpaka watoto. Darasa la kwanza wakasema ni mzito. Darasa la pili akachapwa kwa kiburi, eti haitiki anapoitwa. Maneno yakawa yanapungua mdomoni mwake, leo hili kesho lile, mpaka watu wa nje hawakumwelewa tena. Tulipomfikisha hospitali kubwa alikuwa na miaka minane. Daktari alimtazama ndani kwa taa, muda mrefu. Akasema ugonjwa umeshakula sana, kisha akauliza, taratibu tu, "Hakuna mtu aliyegundua mapema?" Baba Sabina akasema hapana, kwa sababu yeye hakujua. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikatazama sakafu.

Tukampeleka shule ya viziwi ya bweni, mbali. Huko walimpa lugha ya mikono, akafunguka, akasoma. Leo ni mke wa mtu, yuko Singida, ana cherehani mbili, na gauni lake ukiliona utasema limetoka kiwandani. Simwonei huruma, hataki. Ninayemlilia ni yule wa vitambaa vya njano. Katika maneno yote ya mdomo aliyowahi kuwa nayo alibakiwa na moja tu, la kuniita. Silabi moja, inaanzia kifuani, inapanda, halafu inakatika ghafla. Wengine wakiisikia wanashtuka. Mimi naitambua hata sokoni katikati ya watu.

Na Mwalimu? Miaka yote hiyo tulipishana njiani, shikamoo, marahaba, basi. Nilimsikia amestaafu, amehamia shambani Sigino. Halafu mteja mmoja akaniambia miguu yake imevimba, hatoki tena nje ya uwanja wake. Ikanichukua mwezi mzima kupata ujasiri. Nikanunua sukari kilo mbili na mche wa sabuni, nikapanda bodaboda.

Ilikuwa Juni, baridi ya kuuma, wingu limekaa juu ya mlima Kwaraa. Mlango wake ulikuwa umerudishiwa tu. Nikasimama kizingitini, nikasafisha koo.

"Hodi."

"Karibu, Mama Sabina," ikajibu sauti ndani, kabla sijafika ya pili. "Sauti yako imenenepa. Naona na wewe umenenepa."

Nikacheka, nikaanza kulia, vyote kwa pamoja. Nikaingia. Alikuwa amekaa karibu na jiko, sweta jingine la kijani, miguu juu ya kigoda, ungo mapajani, anachambua maharage. Ungo uleule. Ukingo wake ulikuwa umeachia, ameushona kwa uzi wa gunia, mshono mbaya sana. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba. Nikaweka sukari na sabuni mezani. Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakakimbia yote.

"Mwalimu," nikasema, "ile siku ulipokuja kwangu ukabisha hodi. Nilikuwemo ndani."

"Najua," akasema. Akatupa jiwe dogo kwenye majivu. "Nilisikia cherehani ikinyamaza."

Nikajifunika uso. Kumbe alijua. Miaka yote ile tunapishana, marahaba Mama Sabina, alijua. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, nikamwambia mtoto hakugeuka, nililiona, nikamwambia yote, mpaka la daktari, mpaka la kutazama sakafu. Aliniacha nimalize. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya maharage.

"Mimi ndiye nalala na hiyo siku," akasema. "Nilijua umo. Nilijua na mtoto yumo, vitambaa vyake vilikuwa vinachakacha. Nikabisha ya tatu, nikajiambia, basi, adabu imetimia. Nikaenda zangu kuwa na adabu. Siku zote sina adabu, unanijua, siku ile ndiyo nikawa nayo!" Akapiga ungo kwa kiganja, maharage yakaruka. "Ningebisha ya nne, Mama Sabina. Ya nne ungefungua."

"Usiseme hivyo, Mwalimu."

"Ungefungua. Nakujua."

Laiti angenitukana. Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wangu, nikakuta na yeye ameubeba huohuo miaka yote, akiwa na miguu ile. Tukakaa. Maji yakachemka, akanielekeza lilipo sanduku la majani ya chai, nikapika. Akaniuliza habari za Sabina, nikamweleza mume, cherehani mbili, mtoto anayetarajiwa. Alitabasamu kila nilipotaja kitu. Nikamwahidi nitamleta. Hatukuwahi, Mwalimu hakumaliza Julai.

Nilipoinuka kuaga alininyooshea kiganja, wazi, kama pale mlangoni pa darasa.

"Umeniletea nini?"

Nikaonesha mezani. "Sukari, Mwalimu. Na sabuni."

"Sukari nimeiona," akasema. "Umeniletea nini?"

Nikaelewa. Nikasema siwezi. Akamimina maharage kwenye kanga yake mapajani, taratibu, yasimwagike, akaniinulia ungo kwa mikono miwili.

"Jifiche," akasema.

Nikaupokea. Mtu mzima mimi, wa miaka hamsini, nikauinua ukaniziba uso. Ulinuka vumbi na maharage. Ya kwanza haikutoka. Nikavuta pumzi, nikaitafuta kifuani anakoitolea Sabina, nikaipandisha, nikaikata pale anapoikata. Nikajiita kwa sauti ya mwanangu.

"Maa!"

Sikumwona, ungo ulikuwa katikati yetu, na sikuthubutu kuushusha. Nikasubiri. Halafu upande wa pili nikasikia amepiga kofi moja.